DUARA NDANI YA DUARA: Safari ya Elimu ya Falaki kutoka Maragha na Damascus hadi Misikiti ya Kinondoni na Temeke

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeziwekea mbingu nidhamu isiyokosea, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia kumalizika Shaaban, watu wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Bunju hutoka jioni kutazama magharibi. Usiku huohuo huanza mzozo tunaoujua sote. Mmoja anasema mwezi umeonekana, mwingine anasema haiwezekani. Mmoja anangoja tangazo la hapa nchini, jirani yake wa ukuta mmoja ameshapokea habari ya nchi nyingine. Asubuhi yake nyumba moja imefunga na ya pili inakunywa chai. Katikati ya mzozo huo daima husikika neno moja: hisabu. Wapo wanaolitukuza kama kwamba limeshuka pamoja na wahyi, na wapo wanaolikimbia kama kwamba ni uganga wa nyota. Wengi wa pande zote mbili hawajui hisabu hiyo imetoka wapi, nani waliijenga, na wanavyuoni wetu wa fiqhi waliipa daraja gani.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa kuanzia mahali padogo sana: duara linalobiringika juu ya duara jingine. Huenda ikaonekana ni mchezo wa watoto. Lakini mchezo huo ndio uliowashughulisha wataalamu wa falaki kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ndani yake mna mafunzo kwa imamu anayesimama mbele ya watu na kusema "kesho ni Ramadhani".

Duara likizunguka duara

Chukua vizibo viwili vya soda vilivyo sawa. Kimoja kishikilie mezani kisitikisike. Cha pili kitie alama ya wino kwenye ukingo wake, kisha kibiringishe kuzunguka kile cha kwanza bila kuteleza, hadi kirudi kilipoanzia. Muulize mwanafunzi: kizibo hiki kimejizungusha mara ngapi? Karibu wote watajibu mara moja, kwa kuwa vizibo ni sawa. Jibu sahihi ni mara mbili. Sababu ni kwamba kitovu cha kizibo kinachotembea hakipiti kwenye ukingo wa kile kilichotulia, bali hupita mbali zaidi, kwenye duara lenye upana maradufu.

Na ile alama ya wino, njia yake ina sura gani? Ukiifuatisha kwa penseli utapata umbo linalofanana na moyo, lenye ncha moja iliyoingia ndani. Kizibo kinachobiringika kikiwa na upana wa nusu ya kile kilichotulia, umbo litakuwa na ncha mbili, kama figo. Nusu ya umbo hili la pili kila mtu amekwisha kuliona bila kulijua: ni ule mchirizo wa mwanga unaong'aa juu ya kahawa ndani ya kikombe, jua likiwa limeinama upande mmoja. Mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya mwanga kilichochapwa mwaka 1690.

Duara dogo likibiringika ndani ya kubwa, maumbo huwa mengine. Kipenyo chake kikiwa theluthi ya kipenyo cha kubwa, alama huchora umbo la ncha tatu; kikiwa robo, huchora nyota ya ncha nne. Na kikiwa nusu kamili? Hapo hutokea ajabu ambayo tutaieleza mbele, na ndiyo kiini cha makala haya.

Tatizo walilolirithi Waislamu

Watu wa kale waliona kwamba sayari haziendi mbinguni kwa mwendo mmoja. Mirihi, kwa mfano, husogea usiku baada ya usiku kuelekea mashariki miongoni mwa nyota, kisha husimama, hurudi nyuma kwa wiki kadhaa, husimama tena, halafu huendelea na safari yake. Zuhura nayo ina mtindo wake: kwa muda wa miaka 8, ukichora njia yake kama inavyoonekana kutoka ardhini, utapata ua lenye vitanzi vitano.

Ptolemy wa Iskandaria, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Batlamyus, alilieleza jambo hilo katika karne ya 2 kwa duara juu ya duara. Sayari huzunguka kwenye duara dogo, nalo duara dogo hubebwa na duara kubwa. Wanavyuoni wetu waliliita dogo tadwir na kubwa hamil. Mwendo wa mawili ukichanganyika, vitanzi hupatikana. Kitabu chake, al-Majisti, kilifasiriwa kwa Kiarabu katika zama za Bani Abbas, na kwa hesabu zake watu waliweza kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi.

Hata hivyo hesabu iliyotoa majibu mazuri ilificha kasoro mbili. Kwanza, ili majibu yaafikiane na macho, Ptolemy alilazimika kusema kwamba hamil inazunguka kwa kasi ya sawasawa, lakini usawa huo haupimwi kutoka kwenye kitovu chake. Unapimwa kutoka kwenye nukta nyingine iliyo kando. Ni sawa na mtu kudai kwamba gurudumu la baiskeli linazunguka sawasawa kwa kuhesabiwa kutoka mahali pasipo ekseli. Pili, kwa hesabu yake ya mwezi, umbali wa mwezi kutoka kwetu hupungua wakati mwingine hadi karibu nusu. Ingekuwa hivyo, basi mwezi wa robo tungeuona wakati mwingine kwa upana karibu maradufu ya mwezi mpevu. Hakuna mvuvi wala mchungaji aliyewahi kuuona mwezi wa namna hiyo.

Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kizima cha shaka zake juu ya Batlamyus. Zingatia, ndugu msomaji, adabu ya kielimu iliyomo humo. Hakukiacha kitabu kwa kuwa ni cha Myunani, wala hakukikubali chote kwa kuwa ni maarufu. Alikisoma, akakipima, akaonesha mahali kinapojipinga.

Nasir al-Din al-Tusi na mstari ulionyooka

Nasir al-Din al-Tusi alizaliwa Tus mwaka 597H (1201) na kufariki Baghdad mwaka 672H (1274). Historia yake ina uchungu ndani yake. Alikuwa Mshia, aliishi miaka mingi katika ngome za Maismaili, na zilipoanguka aliingia katika utumishi wa Hulagu Khan, ambaye jeshi lake liliiteka Baghdad mwaka 656H (1258). Wapo wanavyuoni wakubwa waliomlaumu vikali kwa hayo, Ibn Taymiyya akiwa miongoni mwao. Hatukusudii kuifungua kesi hiyo hapa. Tunalotaka kulieleza ni lile alilolifanya katika hesabu, na hilo halibadiliki kwa kubadilika kwa rai zetu juu ya siasa yake.

Mwaka 657H (1259) kilianzishwa chini ya usimamizi wake kituo cha kuangalia nyota huko Maragha, kaskazini magharibi mwa Iran. Hapo walikusanyika watu wa miji na madhehebu mbalimbali. Alikuwepo Muayyad al-Din al-Urdi kutoka Damascus, fundi wa vyombo vya falaki, na Qutb al-Din al-Shirazi, ambaye baadaye alikuwa kadhi huko Sivas.

Al-Tusi aliitafuta njia ya kuondoa kasoro ya Batlamyus bila kuvunja kanuni kwamba kila duara lizunguke sawasawa kwa kitovu chake. Alichokipata alikitaja katika sherehe yake ya al-Majisti mwaka 644H (1247), kisha akakipanga vizuri katika al-Tadhkira fi Ilm al-Hay'a, kitabu alichokikamilisha Maragha mwaka 659H (1261). Nacho ni hiki: duara dogo lenye kipenyo cha nusu likienda ndani ya duara kubwa, nukta iliyo kwenye ukingo wa lile dogo haichori mpindo wowote. Huenda na kurudi juu ya mstari ulionyooka.

Ushahidi wake mwanafunzi yeyote aliyesoma hesabu za sekondari anaweza kuufuata. Kitovu cha duara kubwa tukiite K. Kwa kuwa kipenyo cha dogo ni sawa na nusu kipenyo cha kubwa, duara dogo kila wakati hugusa ukingo wa kubwa kwa upande mmoja na kupita kwenye K kwa upande wa pili. Mahali yanapogusana mwanzo, tutie alama A. Sasa duara dogo libiringike hadi liguse mahali pengine, T, na ile alama yake iwe imefika M. Tao AT kwenye ukingo wa kubwa lina urefu sawa na tao TM kwenye ukingo wa dogo, maana halikuteleza. Lakini duara dogo ni nusu ya kubwa, kwa hiyo tao la urefu uleule huchukua kwenye kitovu chake pembe maradufu. Euclid, ambaye wetu humwita Uqlidis, amethibitisha katika kitabu cha tatu cha Usul kwamba pembe inayolitazama tao kutoka ukingoni ni nusu ya ile inayolitazama kutoka kitovuni. Na K iko kwenye ukingo wa duara dogo. Basi pembe TKM ni nusu ya ile maradufu, yaani ni sawasawa na pembe TKA. Kwa hiyo M iko juu ya mstari KA, na haiondoki hapo kamwe.

Al-Tusi mwenyewe aliliweka jambo hili kwa lugha ya mzunguko: duara kubwa lizunguke upande mmoja, na dogo upande wa pili kwa kasi maradufu. Matokeo ni yaleyale. Wafuasi wa Aristotle walikuwa wameziweka harakati katika mafungu mawili, mzunguko ukiwa wa mbinguni na mstari ulionyooka ukiwa wa ardhini. Al-Tusi alionesha kwamba mizunguko miwili huzaa mstari. Kwa kifaa hicho aliweza kuisogeza sayari karibu na mbali bila ya kuihitaji ile nukta ya kando.

Wasomaji wetu waliopita madrasa watayatambua majina ya baadhi ya walioifanyia sherehe Tadhkira. Nizam al-Din al-Nisaburi, mwenye tafsiri ya Qur'ani iitwayo Gharaib al-Qur'an, ni mmoja wao. Al-Sayyid al-Sharif al-Jurjani, aliyefariki mwaka 816H (1413), mwenye kitabu cha Ta'rifat, ni mwingine. Watu hawa hawakuona mgongano kati ya kufasiri Kitabu cha Allah na kuchora duara ndani ya duara.

Muwaqqit wa Msikiti wa Umawi

Sasa tuhamie Damascus. Ibn al-Shatir alizaliwa huko karibu na mwaka 704H (1304), akafiwa na baba angali mdogo, akafundishwa kazi ya kunakshi mbao kwa pembe za ndovu. Mikono hiyo ya fundi ilikuja kushika vyombo vya falaki. Akawa mkuu wa waangalizi wa nyakati katika Msikiti mkubwa wa Umawi, cheo kinachoitwa muwaqqit. Kazi yake ilikuwa kumwambia muadhini wakati wa sala umeingia. Mwaka 773H (1371) alitengeneza kipimo cha kivuli cha jua, jiwe la takriban mita 2 kwa 1, kikawekwa kwenye mnara wa msikiti huo.

Mtu huyu, aliyekuwa mtumishi wa msikiti, ndiye aliyeirekebisha hesabu ya mwezi. Katika kitabu chake Nihayat al-Sul alimwekea mwezi tadwir mbili, moja ikibebwa na nyingine, na kwa mpango huo mwezi ukaacha kusogea hadi nusu ya umbali wake. Leo tunajua kwamba umbali wa mwezi hubadilika kati ya takriban kilomita 356,500 na 406,700, tofauti ambayo jicho haliwezi kuigundua kwa urahisi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyosababisha tarehe 1 Septemba 2016, huko Rujewa mkoani Mbeya, jua likapatwa na kubakia pete ya mwanga kuzunguka mwezi. Mwezi ulikuwa mbali kiasi, haukutosha kulifunika jua lote.

Madai ya kujisifu na uadilifu wa kielimu

Mwaka 1543 kilichapwa kitabu cha Nicolaus Copernicus wa Poland, kilichoweka jua katikati na ardhi ikilizunguka. Mwaka 1957 mtafiti Victor Roberts alichapisha makala akionesha kwamba hesabu ya mwezi ya Copernicus ni ileile ya Ibn al-Shatir. Aidha, katika kitabu cha tatu cha Copernicus, mlango wa nne, mna kile kifaa cha al-Tusi cha duara ndani ya duara. Mwaka 1973 Willy Hartner alionesha kwamba hata herufi za kwenye mchoro zinafanana na zile za al-Tusi, na kabla yake ilikwishaonekana kwamba mchoro huo umo katika mswada wa Kiyunani uliohifadhiwa Vatican.

Hapa baadhi ya wahubiri wetu huruka na kusema: "Wazungu wametuibia." Tunawanasihi waache neno hilo. Kufanana kunaashiria kwa nguvu kwamba elimu ilisafiri, na wapo watafiti wanaosema kwamba huenda Copernicus alikifikia kifaa hicho kwa njia yake. Zaidi ya hayo, al-Tusi naye alijenga juu ya Ptolemy na Euclid, na hakuna anayemwita mwizi. Tena wala al-Tusi wala Ibn al-Shatir hakuliweka jua katikati. Kumpa kila mwenye haki haki yake ni amri ya dini yetu, na anayewapunguzia wengine ili awazidishie watu wake amewadhulumu wote.

Baada ya Copernicus alikuja Johannes Kepler. Mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi haiendi kwa madaraja ya duara hata kidogo. Njia yake ni duaradufu, jua likiwa kwenye moja ya nukta zake mbili za ndani. Jengo lote la tadwir likaachwa. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: katika kile kifaa cha al-Tusi, ukiitia alama ndani ya duara dogo, pasipo kuwa ukingoni wala kitovuni, itachora duaradufu. Umbo lile lilikuwa limelala ndani ya chombo kwa karne kadhaa. Halikuzungumza mpaka alipokuja mtu mwenye vipimo bora vya sayari na subira ya kuvifuata vinakompeleka.

Hukumu ya fiqhi: kati ya yakini na dhana

Basi tuulize swali linalomhusu imamu. Ikiwa umbo la Batlamyus lilikuwa na makosa, na la Ibn al-Shatir nalo likaachwa, je, hisabu inaaminika? Jibu ni kwamba lazima tupambanue mambo mawili. Maelezo ya kwa nini sayari zinaenda hivyo yamebadilika mara nyingi. Ama nyakati za kukutana jua na mwezi, zimepimwa kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kimezikaza zaidi. Leo wakati wa iqtirani, yaani mwezi kulingana na jua, hujulikana miaka mingi kabla, na kila kupatwa kwa jua kunakotokea kwa sekunde iliyotajwa ni ushahidi mbele ya macho ya wote.

Lakini kuonekana kwa mwandamo baada ya iqtirani ni jambo jingine. Hapo huingia hewa, mawingu, vumbi, nguvu za macho na umbali wa mwezi kutoka kwenye jua. Unapokuwa umbali huo ni chini ya digrii 7 hivi, wataalamu hawatarajii mwezi kuonekana kwa jicho. Juu ya hapo kuna eneo pana la shaka, ambamo mmoja huona na mwenziwe hakuona. Kwa hiyo hisabu ina sehemu ya yakini na sehemu ya dhana. Mwenye kuzichanganya atakosea, awe anaiunga mkono au anaipinga.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walilijadili jambo hili kwa kina. Taqi al-Din al-Subki alikuwa kadhi mkuu wa Kishafii wa Damascus kuanzia mwaka 739H (1339), katika mji uleule na zama zilezile za Ibn al-Shatir, na alifariki mwaka 756H (1355). Yeye aliona kwamba ikiwa hisabu ya yakini inaonesha mwezi hauwezi kuonekana, basi ushahidi wa mtu mmoja au wawili waliodai kuuona urejeshwe, kwa kuwa ushahidi huo ni dhana na dhana haiishindi yakini. Alitunga kitabu maalumu juu ya kuthibitisha miezi. Tuzingatie kwamba kwa rai hiyo hisabu inatumika kukataa ushahidi usiowezekana.

Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa aliweka sharti: ushahidi hukataliwa endapo wenye hisabu wameafikiana kwamba misingi yao ni ya yakini, na idadi yao inafikia tawaturi, la sivyo haukataliwi. Al-Ramli katika Nihaya, akimfuata baba yake, alishikilia kwamba ushahidi wa waadilifu unakubaliwa hata mwenye hisabu akiukanusha, kwa kuwa sharia imeyafungamanisha mambo haya na kuona. Tuhfa na Nihaya ni vitabu vinavyotegemewa na Mashafii wa mwambao wetu. Asidhani mtu kwamba suala hili lilizaliwa jana, wala asimtoe mwenziwe katika Sunna kwa kuifuata mojawapo ya rai hizo.

Afa mbili alizozitaja al-Ghazali

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505H (1111), alitahadharisha katika al-Munqidh juu ya afa mbili zinazotokana na hesabu. Ya kwanza ni ya yule anayestaajabishwa na uhakika wa hesabu, akadhani kwamba wenye hesabu wako sahihi katika kila walisemalo, hata katika dini. Ya pili ni ya rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani kwamba dini hunusurika kwa kukanusha elimu hizo, hata akapinga wanayoyasema juu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Aliona kwamba huyu wa pili anaitia dini hasara, kwa sababu anayeujua ushahidi wa hesabu hataushuku ushahidi, ataushuku Uislamu.

Afa zote mbili tunazo mitaani kwetu. Ile ya kwanza inakaa na simu mkononi, ikisoma nyakati za sala kutoka kwenye programu bila kujua zimepangwa kwa pembe zipi za jua. Ya pili inakaa kwenye baraza na kusema kwamba falaki ni elimu ya makafiri, hali ya kuwa ilitumikiwa ndani ya misikiti na wenye kushika funguo za misikiti. Mtume wetu (s.a.w.), lilipopatwa jua siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwakataza watu kulihusisha na kifo cha mtu yeyote, akawaelekeza kwenye sala. Wanafalaki wa leo huihesabu siku hiyo kuwa 27 Januari 632. Alikata mzizi wa ushirikina, na hakuufunga mlango wa hisabu.

Yanayowezekana kwetu

Tunazungumza na maimamu na walimu wa pembezoni mwa jiji, ambako misikiti mipya hujengwa kila mwaka kwenye viwanja vipya. Madrasa nyingi zimeiacha falaki, na ratiba ya sala inayobandikwa ukutani haina anayeweza kuikagua. Yapo mambo ambayo hayahitaji fedha wala vifaa vya ng'ambo.

La kwanza ni qibla. Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Qibla chetu ni kaskazini, kikielemea mashariki kwa digrii 1 hivi. Ndiyo maana mihrabu za mwambao, kuanzia Kilwa hadi magofu ya msikiti wa kale wa Kunduchi hapa Kinondoni, huelekea kaskazini. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na karibu na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Simika fimbo wima katika kiwanja cha msikiti kabla ya kuchimba msingi. Kivuli kitaanguka kusini, na kinyume cha kivuli hicho ndicho qibla.

La pili ni kivuli cha zawali. Siku chache za mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu, na kivuli cha fimbo hukaribia kutoweka. Mwanafunzi anayesoma katika fiqhi kwamba Alasiri huingia kivuli kinapolingana na kitu chenyewe, baada ya kuondoa kivuli cha zawali, siku hiyo ataona kwa macho kwa nini wanavyuoni walitaja kukiondoa.

La tatu ni kile kifaa cha al-Tusi. Kata boksi upate tundu la duara lenye upana wa sentimita 20, na kisahani cha sentimita 10. Toboa kisahani ukingoni na mahali pengine ndani, uingize penseli, ukibiringishe ndani ya tundu. Tundu la ukingoni litakupa mstari, la ndani litakupa duaradufu. Kijana atakayeiona kazi hiyo, kisha akaambiwa kwamba aliyeithibitisha aliandika kwa Kiarabu kilekile anachojifunza, ataijua thamani ya sarufi anayoihifadhi.

La nne ni mwezi wenyewe. Kabla ya kila mwisho wa mwezi, walimu wawili au watatu waulizie wakati wa iqtirani na wa kuzama kwa jua na mwezi, kisha watoke na wanafunzi wakatazame, wakiandika waliona au hawakuona, na hali ya hewa ilikuwaje. Wafanye hivyo katika miezi yote 12, pasipo kungoja Ramadhani. Baada ya miaka michache watakuwa na watu ambao ushahidi wao una uzito, wanaojua lipi haliwezekani na lipi lina shaka.

Hatudai kwamba elimu hii itaondosha kila khitilafu. Suala la kufuata mwandamo wa mji au wa nchi ya mbali lina dalili zake na litaendelea kuwa na watu wake. Lakini pande zote mbili zinahitaji shahidi mkweli, na ukweli wa shahidi hupimwa vizuri zaidi na anayejua mwezi ulikuwa wapi usiku huo. Ibn al-Shatir hakuwa mufti wala kadhi. Alikuwa mtu wa msikiti aliyeifanya kazi ya nyakati kwa uaminifu hadi akagundua kwamba mwezi wa vitabuni haukuwa mwezi wa mbinguni, naye akachagua wa mbinguni. Misikiti ya Kinondoni na Temeke inahitaji watu wa namna hiyo, walau mmoja katika kila mtaa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atufundishe yenye kutunufaisha na atunufaishe kwa aliyotufundisha. Wallahu a'lam.